Ulemavu wa Kusoma katika Lugha ya Tahajia Nyepesi: Hali ya Kiswahili Darasani

1. Utangulizi

Imekuwa desturi ya walimu wa Kiswahili kujivunia tahajia ya lugha yao. Husemwa kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na kwamba mtoto aliyekwisha kuzijua irabu tano na konsonanti zake hana neno litakalomshinda kulisoma. Kauli hiyo ina ukweli mwingi. Walakini imezaa dhana nyingine isiyo na ukweli, nayo ni kwamba mwanafunzi asiyeweza kusoma Kiswahili sawasawa baada ya miaka kadhaa ya kufundishwa ama ni mvivu ama ni mjinga, maadamu lugha yenyewe haimwekei kizuizi chochote.

Makala haya yanakusudia kuipinga dhana hiyo. Wapo wanafunzi wenye akili timamu, na baadhi yao wenye akili kuwashinda wenzao, ambao ulemavu wa kusoma huwaandama katika Kiswahili kama unavyowaandama wengine katika Kiingereza. Tofauti ni kwamba katika Kiswahili ulemavu huo huvaa sura nyingine. Kwa sababu hiyo, majaribio, mbinu na vyombo vilivyoundwa kwa kuifuata tahajia ya Kiingereza huupita bila ya kuuona. Mwenye uwezo wa kuieleza sura hiyo si daktari peke yake. Ni mwanaisimu anayeijua silabi na mofimu ya lugha hii. Ndiyo maana suala hili limeletwa katika kurasa hizi badala ya kuachiwa idara za elimu maalumu.

2. Kuhusu istilahi

Kiswahili tangu zamani kimewaweka wenye upungufu wa viungo au wa hisi katika ngeli ya KI-VI: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Katika miaka ya karibuni neno kilema limesukumwa kando na mlemavu, na mlemavu naye ameanza kuachia nafasi mtu mwenye ulemavu. Mabadiliko haya hayakuletwa na sarufi, yameletwa na heshima, na hapana sababu ya kuyalaumu. Lakini tutazame kwamba ulemavu wa kusoma haukuwahi kuwamo katika orodha hiyo. Sababu ni dhahiri: hauonekani mpaka pawe na maandishi mbele ya macho. Mtu aliyekuwa nao katika jamii isiyotegemea kalamu aliweza kuwa manju wa ngoma, nahodha au mpatanishi wa ukoo bila ya mtu yeyote kumwona ana kasoro.

Shule ilipofika, watu hao walipata majina, na majina yenyewe tunayajua: mzito, goigoi, mbumbumbu. Yote hutaja tabia au akili ya mtu. Hakuna hata moja litajalo hali aliyo nayo. Wataalamu wa Ulaya nao walianza kwa jina la tamathali. Mwaka 1896 daktari Mwingereza W. Pringle Morgan alichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za kijana wa miaka 14 asiyeweza kusoma, naye akaiita hali yake upofu wa maneno wa kuzaliwa. Kijana huyo macho yake yalikuwa mazima, hesabu alizifahamu, na mwalimu wake alishuhudia kwamba lau mafunzo yote yangalikuwa ya mdomo angaliwashinda wenzake wote shuleni. Ushahidi huo wa mwalimu una thamani hata leo, nasi tutaurudia.

Katika makala haya tutatumia disleksia tunapozungumza kitaalamu, na ulemavu wa kusoma tunapozungumza kwa jumla. Disleksia ni mojawapo tu ya hali zinazokusanywa chini ya jina la ulemavu wa kujifunza. Zipo pia disgrafia, ambayo huathiri kuandika, na diskalkulia, ambayo huathiri hesabu. Hizo mbili hatutaziingia. Ifahamike tu kwamba disleksia haitokani na uchache wa akili, aghalabu huonekana katika ukoo mmoja kizazi baada ya kizazi, na chanzo chake kikubwa, kwa kadiri utafiti ulivyoonyesha, ni udhaifu katika kuzitenga na kuzishika sauti za lugha akilini. Si ugonjwa wa macho.

3. Ushahidi wa lugha nyingine

Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa mataifa kadhaa ya Ulaya waliomaliza mwaka wa kwanza wa kujifunza kusoma. Watoto wa Ufini, Ugiriki, Italia na Hispania waliyasoma sawasawa zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya kawaida waliyopewa. Wale waliojifunza kwa Kiingereza walipata kama theluthi moja tu. Watoto wa Kiingereza hawakuwa na akili pungufu. Walibebeshwa tahajia ambayo herufi zile zile husomwa kwa njia nyingi.

Je, katika lugha za tahajia nyepesi disleksia hutoweka? Heinz Wimmer alilichunguza jambo hilo kwa watoto wa Austria wanaosoma Kijerumani, akachapisha matokeo yake mwaka 1993. Aliona kwamba watoto wenye ulemavu wa kusoma waliyatamka maneno kwa usahihi mkubwa, hata yale maneno ya kubuni yasiyo na maana. Kilichowashinda ni mwendo. Walisoma polepole mno, silabi kwa silabi, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake wakawalinganisha watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza, ambao wote walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu. Waitaliano walisoma kwa usahihi kuwashinda wenzao. Lakini vipimo vya ubongo vilionyesha upungufu ule ule, mahali pale pale, kwa makundi yote matatu. Mzizi ni mmoja. Tahajia ndiyo inayoamua mti utaonekanaje juu ya ardhi.

Kiswahili kimo katika kundi la Kiitaliano na Kifini. Basi tutarajie kwamba mwanafunzi wetu mwenye disleksia, akipewa muda wa kutosha, atalitamka neno vizuri, na mwalimu atamwandikia katika ripoti kwamba anajua kusoma lakini hana bidii. Kuhusu kuandika, Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wao juu ya makosa ya tahajia ya watoto wanaojifunza Kiswahili, na jina la makala yao lenyewe lasema kwamba kujifunza kuandika lugha ya tahajia yenye kanuni si kazi nyepesi.

4. Neno la Kiswahili na mzigo wake

Hebu tuitazame sentensi hii: Maji yalipofurika hawakutufahamisha. Ina maneno matatu na silabi 16. (Kwa bahati tu ina mizani ya mshororo kamili wa shairi, vipande viwili vya nane nane.) Mwingereza angeisema kwa maneno tisa mafupi, na kati ya neno na neno angepata nafasi tupu ya kupumzisha jicho. Msomaji wa Kiswahili hana pumziko hilo. Katika hawakutufahamisha anakutana kwanza na ukanushi, kisha nafsi ya mtenda, kisha wakati, kisha nafsi ya mtendwa, na silabi nne zimekwisha kupita kabla hajaufikia mzizi unaomwambia ni jambo gani lililokanushwa. Msomaji mwepesi huzibeba silabi hizo kwa mkupuo mmoja. Anayesoma herufi kwa herufi, afikapo -fahami- amekwisha kusahau kama mwanzo ulikuwa hawa-, hatu- au wali-, naye hurudi nyuma au hubahatisha. Makosa yake basi huangukia viambishi: anasoma walitufahamisha, maana ikageuka kinyume, na mwalimu anamwona hafahamu.

Jambo hili limekwisha kuwalazimisha watunga viwango kukiri tofauti. Katika mpango wa kusoma wa Tusome, ulioenezwa katika shule za msingi za umma nchini Kenya kuanzia mwaka 2015, mtoto alihesabiwa kuwa msomaji fasaha wa Kiingereza akifikia maneno 65 kwa dakika, lakini kwa Kiswahili maneno 45 yalitosha. Hii haina maana kwamba Kiswahili kilidharauliwa. Neno moja la Kiswahili lina kazi ya maneno mawili au matatu ya Kiingereza, na kipimo kinachohesabu maneno hakina budi kulikumbuka hilo. Kwa maoni yetu ingekuwa afadhali zaidi kuhesabu silabi.

Hata usahili wa herufi zetu una mipaka. Irabu ni tano, na mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Hayo ni mepesi. Lakini fonimu moja huandikwa kwa herufi mbili katika ch, sh, th, dh, gh, kh na ny, na katika ng' huongezewa kibainishi ambacho mtoto mwenye disleksia hukiacha daima, hivi kwamba ng'oa na ngoa kwake ni mamoja. Katika kinywa, silabi ya mwisho ina herufi tatu kabla ya irabu. Nazali nayo ni mtego: mbuni aliye ndege ana silabi mbili, na mbuni ulio mti wa kahawa una silabi tatu, ilhali herufi ni zile zile. Sitaji mpumuo wa taa na kaa, ambao wenyeji wa pwani huusikia na tahajia sanifu haiuandiki kabisa.

5. Lugha ya kwanza au ulemavu?

Hapa ndipo mwalimu wa Kenya anapokwama, na ndipo wanaisimu wanapodaiwa zaidi. Mwanafunzi akiandika kura mahali pa kula, je, ana disleksia? Yamkini hana. Gikuyu haina fonimu l, na mwanafunzi aliyekulia katika lugha hiyo huchanganya l na r kwa sababu zinazoelezeka. Vivyo hivyo nazali kabla ya b, d na g huitia pasipostahili au huiacha panapostahili. Mjaluo huandika sule na samba kwa kuwa Dholuo haina sauti ya sh. Lugha za Kalenjin hazitofautishi kifonimu p na b, wala t na d. Makosa haya yana nidhamu: hutokea kwa jozi fulani za sauti, huonekana kwa wanafunzi wengi wa darasa moja, na mwenye kuijua fonolojia ya lugha ya kwanza aweza kuyatabiri kabla ya kuliona daftari.

Makosa ya disleksia hayana nidhamu hiyo. Mwanafunzi huandika dirisha sawasawa katika mstari wa kwanza, birisha katika wa nne, na drisha katika wa saba. Huruka silabi nzima katika neno refu, huzibadilishia nafasi, hurudia kiambishi mara mbili. Dalili nyingine ni pengo kati ya ulimi na karatasi: asimuliapo hadithi kwa mdomo huisimulia kwa ufasaha na mpango, na aandikapo hadithi ile ile huleta mistari mitano iliyokauka. Zaidi ya yote ni mwendo wa kusoma, ambao mazoezi ya kawaida hayauongezi. Dalili moja peke yake haitoshi kumhukumia mtoto. Zikikutana zote tatu, na masikio na macho yamepimwa yakaonekana mazima, ni wajibu wa mwalimu kumpeleka kwa wapimaji. Nchini Kenya huduma za upimaji wa kielimu zilianzishwa mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya mwaka 1986. Kwa hiyo njia ipo, ingawa kwa mtoto wa wilaya za mbali ni ndefu.

6. Majaribio ya kutafsiri na hasara yake

Wapimaji wengi hutumia majaribio yaliyotungwa kwa Kiingereza, wakayatafsiri. Tafsiri hizo zina hatari ambayo mwanaisimu huiona mara moja. Chukua jaribio la kutaja upesi majina ya rangi, ambalo asili yake ni kazi ya Martha Denckla na Rita Rudel ya mwaka 1976. Majina ya rangi za jaribio kwa Kiingereza karibu yote ni ya silabi moja moja. Kwetu ni nyekundu, kijani, manjano, nyeusi, buluu: kila moja silabi tatu. Mtoto wa Kiswahili akipimwa kwa saa ya Kiingereza ataonekana mzito hata kama ulimi wake unakimbia kama cherehani. Tukitaja tarakimu badala ya rangi, kuanzia moja mpaka tano, ambazo zote ni za silabi mbili, walau urefu hulingana zenyewe kwa zenyewe.

Majaribio ya vina nayo hayahamishiki. Kwa Kiingereza mtoto huulizwa kama maneno mawili yaishia kwa mlio mmoja. Kwa Kiswahili karibu kila neno huishia kwa irabu, na nusu ya kamusi itaonekana kuwa na vina. Kadhalika jaribio la kuondoa sauti ya kwanza: katika mtoto sauti hiyo ni silabi kamili na pia ni kiambishi cha ngeli, kwa hiyo mtoto hujibu toto bila ya kutumia ujuzi wowote wa fonimu, sarufi imemjibia. Ni lazima maneno ya jaribio yachaguliwe na mtu anayeyajua hayo.

Mchezo mmoja wa pwani ungefaa kuliko tafsiri zote hizo. Katika kinyume, silabi ya mwisho huletwa mbele: nyumba huwa mbanyu, kitabu huwa bukita, watoto huwa towato. Mchezaji hulazimika kulikata neno akilini, kulishika, na kulipanga upya, na ndiyo kazi hasa inayomshinda mwenye disleksia. Watoto waliuchezea tu wakiwaficha wakubwa siri zao, kumbe walikuwa na kipimo cha ufahamu wa fonolojia kilicho bora.

7. Mbinu za darasani

Mafundisho yanayomfaa mwenye disleksia yana asili katika kazi ya Samuel Orton, daktari wa Marekani, na ya Anna Gillingham na Bessie Stillman waliomfuatia: sauti hufundishwa kwa jicho, sikio, kinywa na mkono kwa pamoja, kidogo kidogo, kwa utaratibu, na kwa kurudia sana. Kwa Kiswahili kipande cha kuanzia kiwe silabi. Ba, be, bi, bo, bu ya babu zetu, ambayo imechekwa na wasomi kadhaa kuwa ni ya kukaririsha, haikukosea shabaha. Ilikosea kwa kusimama hapo. Baada ya silabi sharti zifuate mofimu. Mwanafunzi afunzwe kuzitambua ha-wa-ku-, a-na-ye-, tu-li-po- kama vipande vizima, aviandike kwenye kadi, avipange mbele ya mizizi mbalimbali, mpaka jicho livichukue kwa mara moja. Wakati huo neno la silabi nane hugeuka kuwa vipande vitatu.

Mfano mwingine ni ule wa b na d, herufi ambazo hugeuziana mgongo na kumhangaisha mtoto. Kiswahili kina msaada ambao Kiingereza hakina. Midomo ikifungwa kwa m, hubaki imefungwa kwa b: mbali, mbegu, jembe. Ulimi ukigusa ufizi kwa n, hubaki pale pale kwa d: ndege, ndizi, kando. Mtoto aweke kidole mdomoni, atamke, na mdomo wake mwenyewe utamwambia herufi ipi ifuate. (Mdudu na mdomo hazivunji kanuni hii, kwa kuwa m yake ni silabi inayojitegemea, lakini zifundishwe baadaye.) Kile ambacho katika mihadhara yetu huitwa usilimisho wa nazali, kumbe ni dawa ya darasa la pili.

Ushairi pia una nafasi yake. Kuhesabu mizani kwa kupiga makofi, kutafuta vina vya kati na vya mwisho, kutunga mshororo kwa mdomo kabla ya kuuandika, yote ni mazoezi ya silabi, na mwanafunzi huyafanya bila ya kujiona yumo hospitalini. Vitanza ndimi vifuate vikiwa vya kusemwa. Kumtaka mwanafunzi wa aina hii avisome kwa sauti mbele ya wenzake ni ukatili. Kwa jumla usomaji wa kushtukiza mbele ya darasa uondolewe. Apewe kifungu jana yake.

8. Vyombo vya kusaidia

Chombo kilicho rahisi kuliko vyote ni kipande cha kadi chenye tundu linaloonyesha mstari mmoja, au sehemu tu ya mstari, na kuficha mingine. Kinafuatiwa na simu ya mkono: mwalimu hurekodi kifungu, mwanafunzi hukisikiliza huku akifuata kwa kidole. Haya hayahitaji bajeti ya serikali.

Tarakilishi nayo huweza kusoma maandishi kwa sauti bandia. Programu ya NVDA, ambayo Michael Curran na James Teh wa Australia waliianza mwaka 2006 kwa ajili ya vipofu, hutolewa bure, na sauti za eSpeak zinazotumiwa nayo zimo za Kiswahili. Kampuni ya Microsoft ina sauti za Kiswahili cha Kenya ilizozipa majina ya Zuri na Rafiki, na za Tanzania, Rehema na Daudi. Kwa mwenye disleksia faida yake ni kubwa: masikio hubeba mzigo ambao macho yameshindwa, na ule ushahidi wa mwalimu wa mwaka 1896 hupata jawabu.

Lakini tusivipokee vyombo hivi kama tulivyoyapokea majaribio. Programu nyingi hukoleza rangi neno linalosomwa ili jicho lifuate. Kwa Kiingereza hilo latosha. Kwa Kiswahili jicho litazama ndani ya hawakutufahamisha lisijue sauti imefika wapi. Ukolezaji wetu ufuate silabi au mofimu. Programu zinazotabiri neno baada ya herufi chache hupata shida hiyo hiyo, kwa kuwa mwandishi akianza na wana- vitenzi vyote vya lugha viko mlangoni. Inayofaa ni ile inayotabiri kiambishi kwa kiambishi. Visahihishi vya tahajia havioni kosa lolote katika fahari na fahali, au mahari na mahali, maana yote ni maneno halali. Na sauti isiyojua kutofautisha barabara ya magari na barabara ya sawasawa humpotosha msikilizaji anayeitegemea.

Ujuzi wa kuyarekebisha hayo haukosekani. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alikwisha kutengeneza programu inayolichanganua neno la Kiswahili mofimu kwa mofimu, na mwaka 1992 akachapisha maelezo ya misingi yake. Programu ya namna hiyo iliyokusudiwa utafiti wa sarufi yaweza kugeuzwa ikamkatia maneno mtoto wa Kakamega kwenye kishikwambi chake. Ingefaa sana kuwa mada ya tasnifu katika idara zetu, kuliko uchambuzi wa kumi na moja wa riwaya ile ile.

Neno moja juu ya chapa maalumu za herufi zinazonadiwa kuwa dawa ya disleksia, kama ile ya OpenDyslexic iliyotolewa mwaka 2011: uchunguzi uliofanywa haukuonyesha faida ya maana. Herufi kubwa kiasi, na nafasi pana kati ya mistari na maneno, zafaa zaidi na hazina gharama.

9. Idara zetu

Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kuvishinda vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unaruhusu vitabu kugeuzwa kuwa vya kusikilizwa bila ya ruhusa ya mwenye hakimiliki, na hauwahusu vipofu peke yao. Unawataja pia wenye ulemavu wa kusoma. Kwa hiyo mhadhiri anayerekodi riwaya teule kwa ajili ya mwanafunzi wake mwenye disleksia asidhani anafanya la kujificha. Lililobaki ni kuifanya kazi hiyo kupitia maktaba ya chuo, kwa utaratibu unaotambulika.

Linalotuhusu moja kwa moja ni usahihishaji. Katika insha ya Kiswahili alama hukatwa kwa makosa ya hijai, na msahihishaji aliyechoka hukata pia, bila ya kukusudia, kwa mwandiko mbaya na kwa ufupi wa kazi. Mwanafunzi mwenye disleksia hupoteza mara tatu kwa jambo moja. Yafaa alama za hoja ziandikwe kwanza, kabla ya kalamu nyekundu kugusa tahajia, na katika karatasi ya fasihi au isimu tahajia isihesabiwe kabisa kwa mwanafunzi aliyepimwa. Fasihi simulizi itahiniwe kwa mdomo walau kwa sehemu. Ni ajabu kwamba somo lenye jina hilo hutahiniwa kwa maandishi matupu, hata kwa wasio na ulemavu wowote. Muda wa ziada usionekane kuwa ni upendeleo. Tumekwisha kuona kwamba katika lugha ya tahajia nyepesi kinachopungua ni mwendo, na mtihani wa saa mbili hupima mwendo kabla ya kupima kitu kingine chochote.

Kuna pia wale tunaowatuma shuleni kufundisha. Mwanafunzi wa shahada ya ualimu huondoka kwetu akizijua ngeli zote, nadharia za tafsiri na historia ya usanifishaji tangu Kamati ya mwaka 1930, na huenda asiwe ameusikia hata mhadhara mmoja juu ya mtoto asiyeweza kusoma. Mihadhara mitatu ingetosha kwa kuanzia: mmoja juu ya silabi na mofimu katika usomaji, mmoja juu ya kutenganisha athari za lugha ya kwanza na disleksia, na mmoja wa vitendo, daftari halisi za wanafunzi zikiwa mezani bila ya majina, kila mmoja akiombwa aseme ni lipi kati ya makosa yale lenye nidhamu na ni lipi lisilo nayo.